Kujifunza fizikia ya chembe mwenyewe kwa kitabu cha utangulizi: shika penseli kwanza, jedwali la chembe litakuja lenyewe

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Mara kwa mara humu jukwaani anatokea kijana aliyemaliza PCM, au mhandisi aliyeko kazini, anauliza aanzie wapi ili aelewe mambo ya kwaki, neutrino na Higgs, yaani chembe za msingi za maumbile. Anarushiwa video. Video zinatia hamu, sikatai, lakini ukizima simu huna unachoweza kukokotoa. Uzi huu ni wa yule anayetaka akisikia CERN (maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe) wamepima jambo fulani, avute karatasi na kuhakikisha mwenyewe.

Kitabu ninachokitegemea ni cha David Griffiths, *Introduction to Elementary Particles*, toleo la pili la 2008. Kimeandikwa kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza na kina maswali ya kutosha kila sura. Sura ya kwanza ni historia, kuanzia elektroni ya J. J. Thomson mwaka 1897. Isome kama hadithi. Halafu iache sura ya pili kwa muda, nenda moja kwa moja sura ya tatu, ile ya mwendo wa chembe kwa kanuni za Einstein, na ukae hapo mpaka maswali yake yakuishie mkononi.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Wengi huanza kwa kukariri jedwali la kwaki sita (aina ya chembe zinazojenga protoni na neutroni) na leptoni sita (elektroni, neutrino na jamaa zao). Majina yote wanayataja, ila waulize kwa nini muoni (jamaa mzito wa elektroni) inaoza na elektroni haiozi, wanakwama. Jibu halimo kwenye jedwali. Elektroni ndiyo chembe nyepesi kuliko zote zenye chaji, kwa hiyo ikitaka kuoza haina pa kuipeleka chaji yake. Ukishakuwa na kanuni za uhifadhi (nishati, momenta, chaji na nyingine chache), jedwali linaanza kuwa na sababu, na kitu chenye sababu hakihitaji kukaririwa.

Tufanye mfano mmoja kwa ukamilifu. Pioni, chembe ya kwaki na antikwaki inayoishi muda mfupi, yenye chaji chanya, imetulia, haina mwendo. Inaoza na kutoa muoni na neutrino. Tungamo la pioni ni 139.57 MeV, la muoni 105.66 MeV, la neutrino ni dogo mno, tulichukulie sifuri. Muoni inatoka na nishati kiasi gani?

Mwanzo momenta ilikuwa sifuri, basi mwisho muoni na neutrino lazima ziende pande tofauti zikiwa na momenta sawa, tuiite p. Kanuni ya Einstein inasema E² = p² + m². Kwa hiyo nishati ya neutrino ni p, na ya muoni ni kipeuo cha (p² + 105.66²). Jumla yao lazima iwe 139.57. Hamisha p upande wa pili, kisha weka kipeo cha pili pande zote:

p² + 11,164 = 19,480 − 279.14p + p²

p² zinafutana. Inabaki p = 8,316 ÷ 279.14 = 29.79 MeV. Nishati ya muoni ni 139.57 − 29.79 = 109.78 MeV. Toa tungamo lake, nishati ya mwendo ni 4.12 MeV. Kasi yake ni p ÷ E, yaani 0.27 ya kasi ya mwanga.

Sasa tazama jibu lenyewe. Hakuna mahali pa kuchagua. Muoni *kila mara* inatoka na 4.12 MeV. Mwaka 1947 kundi la Cecil Powell pale Bristol, Uingereza, lilikuwa linachunguza kwa hadubini sahani za picha zilizopigwa na mionzi ya anga za juu. Waliona chembe moja inasimama, na pale iliposimama inachomoza nyingine, na ile ya pili kila mara inaacha alama yenye urefu uleule, karibu 0.6 ya milimita. Urefu uleule maana yake nishati ileile, na nishati ileile maana yake imegawana na mwenzake mmoja tu ambaye haonekani. Ile ya kwanza ndiyo pioni, ya pili ni muoni, na hesabu uliyoifanya hapo juu ndiyo inayotuambia kwamba ile chembe isiyoonekana ipo.

Fuatilia sasa muoni ikioza yenyewe na kutoa elektroni. Elektroni zinatoka na nishati za kila aina, kuanzia karibu sifuri hadi 52.8 MeV. Basi waliogawana ni zaidi ya wawili. Ni hoja ileile aliyoikuta Wolfgang Pauli kwenye uozaji wa beta (kiini cha atomu kinapotoa elektroni), akapendekeza kuwepo kwa neutrino katika barua yake ya Desemba 1930. Ilichukua mpaka 1956 Reines na Cowan kuikamata karibu na kinu cha nyuklia Marekani.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

#2 Mchangiaji (kidato cha sita)

Mkuu asante sana kwa uzi. Hapo kwenye E² = p² + m² nimekwama. Shuleni tumefundishwa E = mc². Na tungamo linakuwaje kwenye MeV wakati MeV ni kipimo cha nishati? Vipimo havilingani.

#3 Mleta uzi

Swali zuri, dogo, na wengi wanaishia hapa.

Kanuni kamili ni E² = (pc)² + (mc²)². Chembe ikiwa imetulia, p ni sifuri, unabaki na E = mc² ya shuleni. Watu wa chembe wanachagua vipimo ambavyo c ni 1, ili wasiibebe c kila mstari. Kwa hiyo tunaposema tungamo la elektroni ni 0.511 MeV, tunamaanisha mc² yake ni 0.511 MeV. Ukitaka kilo, gawanya kwa c² mwishoni. MeV moja ni 1.602 × 10⁻¹³ za jouli.

Mazoea haya yapate mapema. Namba tatu zinakutosha kwa miezi mingi: elektroni 0.511, protoni 938.27, neutroni 939.57, zote MeV. Ona neutroni inavyoizidi protoni kwa 1.3 tu. Kwa hicho kidogo, neutroni iliyo huru inaoza kwa wastani wa dakika 15 hivi, na protoni haiozi.

#4 Mchangiaji (mwalimu wa fizikia)

Ndugu mleta mada, nakuunga mkono kwenye mazoezi, ila njia yako ina hatari. Unawapa vijana picha kwamba fizikia ya chembe ni mipira ya biliadi yenye hesabu za Einstein. Bila fizikia ya kwanta hakuna fizikia ya chembe. Spini (mzunguko wa asili wa chembe), amplitudi, uwezekano, vyote vinatoka huko. Mimi ningemwambia kijana amalize kwanza kitabu kizima cha kwanta, ndipo afungue hiki.

#5 Mleta uzi

Mwalimu, heshima kwako. Tunakubaliana mahali pa kufika, tunatofautiana mpangilio.

Kwanta inahitajika, na inahitajika kwa dhati kuanzia sura ya nne, pale spini zinapojumlishwa. Sura ya sita, ya hesabu za Feynman, huwezi kuigusa bila kujua kwamba uwezekano ni amplitudi iliyowekwa kipeo cha pili. Lakini kijana anayejisomea peke yake, jioni, baada ya kazi, ukimwambia amalize kitabu kizima cha kwanta kwanza, wengi hawatakifungua hiki kamwe. Sura ya tatu anaiweza leo kwa aljebra ya kidato cha nne na vekta. Akishaona pioni ikimwonyesha neutrino, atakuwa na sababu ya kuisoma kwanta. Azisome zote mbili sambamba.

Na hilo la michoro ya Feynman, ile ya mistari na kona inayochorwa kuonyesha chembe zikiathiriana, niliseme hapahapa maana linapotosha wengi. Ile michoro si njia zinazopitwa na chembe. Kila mchoro ni kipande cha hesabu: kila kona ina kizidishio chake, kila mstari wa ndani una kizidishio chake, na mwisho unapata namba moja. Kwenye sumakuumeme, kuongeza kona mbili kunapunguza mchango kwa kiwango cha 1/137 hivi, ndiyo maana michoro michache ya mwanzo inatosha kukupa jibu la karibu sana. Kwenye kani ya nyuklia yenye nguvu, katika nishati ndogo, kizidishio hicho kinakaribia 1, kwa hiyo michoro mingi haipungui thamani na mbinu inakwama. Gross, Wilczek na Politzer walionyesha mwaka 1973 kwamba kani hiyo inadhoofika nishati inapopanda, wakapewa Nobel 2004. Bila hilo hesabu nyingi za LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha protoni, zisingewezekana.

Griffiths ana ujanja ambao sijauona ukifanywa vizuri kama anavyoufanya yeye: kabla ya kukutwisha spini na matrisi, anakupa dunia ya kubuni yenye chembe tatu tu, A, B na C, zisizo na spini. Unajifunza kanuni za Feynman kwenye hizo. Hayo maswali ya A, B na C mtu asiyaruke hata moja.

#6 Mchangiaji (Nairobi)

Naomba kuongezea hesabu moja, kwa sababu kwangu ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini CERN wamejenga mashine ya vile.

Unataka kutengeneza antiprotoni (kinyume cha protoni, yenye chaji hasi) kwa kupiga protoni kwenye protoni iliyotulia. Kwa kuwa idadi ya barioni (chembe za kwaki tatu, kama protoni na neutroni; antiprotoni inahesabiwa hasi moja) lazima ihifadhiwe, ukitengeneza antiprotoni moja lazima utoe na protoni ya ziada. Zinaingia mbili, zinatoka nne: protoni tatu na antiprotoni moja. Nishati ndogo kabisa inayotosha ni ipi?

Tumia kiasi kisichobadilika kwa mtazamaji yeyote: (jumla ya nishati)² toa (jumla ya momenta)². Kabla ya mgongano ni (E + m)² − p², na kwa kuwa p² = E² − m², inakuwa 2m² + 2Em. Baada ya mgongano, kwenye kiwango cha chini kabisa chembe zote nne zinaenda pamoja kana kwamba ni kitu kimoja chenye tungamo 4m, yaani 16m². Linganisha, unapata E = 7m. Toa tungamo la protoni yenyewe, nishati ya mwendo ni 6m, sawa na 5.63 GeV (GeV moja ni MeV 1,000).

Mashine ya Bevatron pale Berkeley, California, ilijengwa kufikisha zaidi kidogo ya 6 GeV. Antiprotoni ikapatikana hapo mwaka 1955, na Segrè na Chamberlain wakapata Nobel 1959.

Sasa fanya hesabu ileile protoni zikigongana uso kwa uso. Kila moja inahitaji nishati ya mwendo ya m tu, 0.94 GeV. Kutoka 5.63 mpaka jumla ya 1.88! Na pengo linazidi kupanuka kadiri unavyopanda. LHC ina duara la kilomita 27 na tangu 2022 migongano yake imefika 13.6 TeV (TeV moja ni GeV 1,000). Kuupata mgongano huo kwa kupiga protoni iliyotulia ungehitaji protoni yenye karibu TeV 100,000.

#7 Mchangiaji (kidato cha sita)

Hii ya Nairobi nimeifanya mwenyewe na nimepata 7m, shukrani sana kaka.

Nina jambo linanisumbua. Nimesoma kwamba protoni ni kwaki tatu, mbili za juu na moja ya chini. Matungamo niliyoyakuta ni karibu 2.2 MeV kwa ya juu na 4.7 kwa ya chini. Nikijumlisha napata 9 hivi. Lakini protoni ni 938. Zilizobaki zimetoka wapi?

#8 Mleta uzi

Dogo, umegusa penyewe. Karibu asilimia 99 ya tungamo la protoni halitokani na tungamo la kwaki zake. Ni nishati: mwendo wa kwaki zilizobanwa ndani ya nafasi ya 10⁻¹⁵ ya mita, na nishati ya gluoni zinazozifunga. E = mc² uliyofundishwa shuleni inafanya kazi hapa kuliko mahali pengine popote unapopajua. Ukipanda kwenye mizani, karibu uzito wako wote ni nishati ya kani hiyo.

Na hii inasahihisha kauli inayosambaa kwamba chembe ya Higgs "ndiyo inayotupa uzito". Uga wa Higgs unazipa tungamo elektroni, kwaki, na bosoni za W na Z, zile chembe zinazobeba kani dhaifu. Kwa protoni mchango wake wa moja kwa moja ni hiyo 9 kati ya 938. Kwa elektroni ni wote, na bila tungamo la elektroni atomu zisingekuwepo kama tunavyozijua, kwa hiyo bado tunaihitaji sana.

#9 Mchangiaji

Mkuu, kitabu ni cha 2008. Higgs ilipatikana 2012. Tutakuwa tunasoma mambo yaliyopitwa?

#10 Mleta uzi

Kilichopitwa ni kidogo na kinazibika. Tangazo la Higgs lilitolewa CERN tarehe 4 Julai 2012 na makundi mawili, ATLAS na CMS, tungamo lake ni karibu 125 GeV, na Englert na Higgs wakapata Nobel 2013. Ukifika sura ya kumi, mbinu ya Higgs imeelezwa yote. Kinachokosekana ni namba hiyo tu. Momenta haikubadilika mwaka 2012.

Kwa namba za sasa za chembe yoyote, kundi la Particle Data Group wanaweka kila kitu mtandaoni bure: matungamo, umri, njia za kuoza. Jizoeze kuzisaka humo.

Kuna hazina nyingine haitumiki ipasavyo huku kwetu. CERN wameweka wazi data halisi za kundi la CMS, bure, zikiwemo faili ndogo za matukio yenye muoni mbili. Kila mstari ni mgongano mmoja, na safuwima ni nishati na vijenzi vitatu vya momenta ya kila muoni. Pakua, fungua kwa programu ya majedwali au Python, kisha kwa kila mstari kokotoa

M² = (E₁ + E₂)² − (momenta mbili zikijumlishwa kama vekta)²

Ni hesabu ileile ya Nairobi. Chora grafu ya M, ni tukio ngapi kwa kila thamani. Utaona mlima kwenye 3.1 GeV. Hiyo ni J/psi, iliyotangazwa Novemba 1974 na makundi mawili, la Ting huko Brookhaven na la Richter huko SLAC, maabara mbili za Marekani, ikawa ushahidi wa kwaki ya nne. Sogea mbele, 9.46 GeV, kuna Upsilon iliyoleta kwaki ya tano mwaka 1977. Sogea tena mpaka 91.2, hiyo ni bosoni ya Z ya mwaka 1983. Kompyuta ya kawaida inatosha kabisa.

Na kwa walioko chuoni: kuna shule ya Afrika ya fizikia ya msingi, ASP, ilianza 2010 Afrika Kusini, na mwaka 2016 ilifanyika hapa jirani, Kigali. Fuatilieni matangazo yake.

Sasa zoezi. Yapi kati ya haya yanawezekana, na kwa nini? (p ni protoni, n neutroni, π pioni, μ muoni, e⁻ elektroni, e⁺ positroni yaani antielektroni; Δ, Σ na Λ ni barioni nyingine.)

a) Δ⁺⁺ → p + π⁺
b) Σ⁰ → Λ + fotoni
c) Λ → p + π⁻
d) μ⁻ → e⁻ + fotoni
e) p → e⁺ + π⁰
f) p iliyo huru → n + e⁺ + neutrino

#11 Mchangiaji (kidato cha sita)

Najaribu.

a, b na c: chaji sawa pande zote, barioni moja inaingia na moja inatoka. Zinawezekana.
d: chaji sawa, nishati inatosha. Lakini kushoto kuna leptoni ya familia ya muoni, kulia ya familia ya elektroni. Hapana.
e: barioni imepotea. Hapana.
f: chaji sawa, barioni sawa, leptoni inafutana na antileptoni. Inawezekana.

#12 Mleta uzi

Kazi nzuri. Tano ziko sawa. Irudie f kwa zile namba tatu nilizokupa: neutroni peke yake ni 939.57, protoni ni 938.27. Nishati haitoshi hata kabla hujaongeza positroni. Protoni huru haiwezi. Ndani ya kiini nishati ya kufungamana ikiruhusu, inawezekana, na ndivyo inavyofanya florini-18 inayotumika hospitalini kwenye kipimo cha PET.

Kuhusu d, majaribio yameitafuta sana, na kama ipo ni chini ya mara moja katika trilioni. Kuhusu e, Super-Kamiokande kule Japani wanatazama tangi la tani 50,000 za maji tangu 1996 wakisubiri protoni moja ife hivyo, hawajaiona. Umri wake kwa njia hiyo unazidi miaka 10³⁴.

Utamu uko kwenye a, b na c. Zote zinaruhusiwa, lakini tazama umri: Δ⁺⁺ inaishi kama sekunde 6 × 10⁻²⁴, Σ⁰ kama 7 × 10⁻²⁰, Λ 2.6 × 10⁻¹⁰. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya mara trilioni kumi! Umri unakuambia ni kani gani imefanya kazi. Δ inaoza kwa kani yenye nguvu. Σ⁰ ingependa kutoa pioni kwa kani hiyohiyo, ila tofauti yake na Λ ni MeV 77 tu na pioni nyepesi kabisa ni 135, kwa hiyo inalazimika kutoa fotoni kwa sumakuumeme. Λ ina kwaki ya s (strange) ndani yake, na kani dhaifu ndiyo pekee inayoweza kuigeuza kwaki hiyo, tena polepole.

La kufanya wiki hii: barioni iitwayo Ω⁻ ina kwaki tatu za s. Ilitabiriwa 1962 na kupigwa picha Brookhaven mwaka 1964. Kani dhaifu inapunguza s moja kwa kila hatua. Andika mlolongo wote kutoka Ω⁻ mpaka protoni, ukikagua chaji, barioni na nishati kila hatua. Matungamo kwa MeV: Ω⁻ 1672, Ξ⁰ (barioni nyingine) 1315, Λ 1116, protoni 938. Pioni unazijua. Weka jibu hapahapa, Mwalimu na kaka wa Nairobi watakukagua pamoja nami.